Hodi ya Saa Tano ya Usiku

Kati ya majina yote niliyowahi kuitwa, moja limenikaa: mumiani. Walioniita hivyo walikuwa watu wa damu yangu, na hawakuwa wakitania. Walikuwa wakikimbia, wengine ndala zimebaki njiani, katika kijiji nilichozaliwa huku kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Taa za gari letu ziliwamulika migongo, nikawatambua mmoja mmoja. Yule mtoto wa mama mdogo. Yule tuliyekuwa tukiangua naye madafu ya watu.

Tulikuwa watu wanne na dereva, tumetoka Kilindoni baada ya swala ya isha. Tumebeba sindano za kutobolea vidole, vioo vya kupakia damu, pamba, spiriti, na kisanduku chenye mfuniko wa bluu ambacho baadaye nilisikia kwamba ndani yake mlikuwa na vichwa vya watu. Mlikuwa na vioo na chupa ya maji ya kunywa.

Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000, na mahali pa kwanza kugawiwa dawa Tanzania nzima palikuwa hapa kwetu Mafia. Hakuna aliyeshangaa. Nilipokuwa mtoto busha halikuwa ugonjwa, lilikuwa umri. Mzee akilipata, alishona kanzu pana zaidi na maisha yakaendelea. Miguu ya matende tuliizoea kama tulivyozoea mchanga wa njia ya Kirongwe, na waliokuwa nayo walijifunza kukaa mwisho wa safu msikitini ili wasimbane mtu.

Kinacholeta hayo yote ni mnyoo mwembamba kama uzi, na anayeusambaza ni mbu. Minyoo wakubwa hukaa kwenye mishipa inayopitisha majimaji ya mwili, wakaiziba na kuiharibu miaka nenda miaka rudi. Watoto wao ndio huingia katika damu. Na hao watoto wana tabia moja iliyoniletea balaa: mchana hujificha ndani, kwenye mishipa ya mapafu, na usiku, kuanzia saa nne hadi saa nane hivi, hutoka mpaka kwenye ncha za vidole, maana ndizo saa anazouma mbu wao. Ukimtoboa mtu mchana, kioo chako kitakuwa cheupe, utasema ni mzima. Wakati ule, aliyetaka kuwaona kwa hadubini ilibidi aende usiku, abishe hodi, aombe damu.

Sasa fikiria gari la serikali linaingia kijijini gizani, wanashuka watu wenye makoti, mikononi wana sindano, na wanachotaka ni damu. Barua ilikuwa imepelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa wazee, kwa wanawake, kwa imamu, hakuna aliyetumwa. Hilo lilikuwa kosa letu na silifuniki.

Ila kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Mimi, kwa hesabu ya kijiji kile, nilikuwa marehemu.

Niliondoka Mafia kijana, nikaenda kusoma bara. Nikafeli mtihani. Aibu ikanifunga mdomo, nikawa siandiki barua, nikabaki Dar es Salaam nikibeba mizigo, kisha nikapata bahati ya kujifunza kazi za maabara. Mwaka mmoja nilituma salamu kwa mtu kwamba nakuja na mashua kutoka Nyamisati. Nikaghairi siku ileile, nauli nikainunulia suruali. Mashua ile ilipinduka wakati wa kusi. Salamu zangu zilikuwa zimefika, mimi sikufika, na kwa akili ya kawaida jibu likawa moja. Walinisomea hitma. Wakanitolea sadaka ya pilau. Nami niko Mbagala najisifu kwa suruali mpya, sijui kama nimekufa.

Simu zilikuwa hazijafika kijijini kwetu, anayesoma leo asishangae.

Kwa hiyo binamu zangu walipoona uso wangu kwenye mwanga wa gari, hawakuona ndugu aliyepotea. Waliona maiti iliyorudi usiku kuchukua damu. Tena walikuwa na majina mawili ya kuchagua. Habari za misukule zilikuwa zimeshavuka bahari na wafanyabiashara: kwamba mchawi humchukua mtu akaonekana amekufa, kumbe kilichozikwa ni mgomba, na yeye yuko mahali analimishwa usiku, amekatwa ulimi asiseme. La pili lilikuwa la pwani yenyewe, la siku nyingi.

Mumiani ni neno lenye safari ndefu. Asili yake ni Uajemi, na mwanzo lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama lami au utomvu mgumu kilichotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya viungo. Ulaya nako waliwahi kusaga maiti za kale za Misri wakaziuza madukani kama dawa, kwa jina la ukoo huohuo. Kwetu, dawa ile ikaaminiwa kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inaeleza kwamba uvumi wa mumiani ukianza mjini watu huingiwa na hofu na ni nadra kutoka nje jua likishazama. Baadaye jina likawaangukia wazimamoto, kwa magari yao mekundu. Nairobi, Kampala na kwingineko watu walisimulia kwamba kazi yao si kuzima moto ila kukamata watu na kuwakamua damu. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu alichotoa mwaka 2000, mwaka uleule wa dawa zetu za matende. Hoja yake ninayoipenda ni kwamba tusizicheke. Watu walioishi chini ya wakoloni walikuwa wanachukuliwa vitu kila siku bila kuelezwa vinakwenda wapi, na walichagua kusimulia hilo kwa lugha ya damu.

Nami, ukiniuliza kwa haki, nilikuwa nachukua nini usiku ule?

Kiongozi wa msafara alitaka tugeuze gari. Nikamwomba nusu saa. Nikavua koti, nikachukua tochi na mfuko mdogo wa sindano, nikaenda kwa bibi yangu mzaa mama.

Lazima nikupe habari za bibi kabla hajafungua mlango, bila hivyo hutaelewa alichonifanyia.

Bibi yangu alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo. Huku kaskazini kwetu watu hutenganisha pepo wa nchi kavu na majini wa baharini. Wa baharini wanapenda marashi, ubani na nguo nyeupe, na Kurani wanaisikiliza. Wa nchi kavu wana makao yao porini, kwenye miti mikubwa na mapango, na wakitengenezewa ngoma hutaka kichinjwe mbuzi au ng'ombe, na hutaka damu. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefika kisiwani mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi mara nyingi baada ya hapo, ameandika kwa kirefu juu ya pepo hawa. Kitabu chake cha mwaka 1997 kimejengwa juu ya masimulizi ya mume, mke na binti wa kijiji kimoja cha huku, majina yakiwa yamebadilishwa. Ukikisoma utaona kwamba nyumba zenye mambo haya ni nyumba kama zako: kuna deni la duka, kuna ugomvi wa minazi, kuna mtoto mgonjwa, na kuna pepo.

Nilikuwa na miaka saba nilipomwona bibi akinywa. Ngoma ilikuwa imelia tangu jioni. Mbuzi akachinjwa, damu ikakingwa kwenye kifuu, na yule aliyenilea, aliyekuwa akinichagulia minofu ya changu isiyo na miiba, akaipokea kwa mikono miwili akainywa mpaka mwisho. Midomo ikawa myekundu. Macho yalinitazama bila kunijua. Nilijificha nyuma ya mjomba, na mjomba akanivuta mbele.

"Huyo si bibi yako," akaniambia. "Ni mgeni, amekaa juu ya bibi yako. Mwamkie."

"Shikamoo," nikasema, meno yanagongana.

"Marahaba," ikajibu sauti nzito nisiyoijua.

Kisha fundi wa ngoma akaanza kuuliza. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeshika fimbo. Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Kwa nini unamtesa kiti chako? Pepo akataja jina lake. Akasema anataka mbuzi mwingine, mwekundu, na kaniki mpya. Fundi akamwambia bwana mkubwa, mbuzi mwingine hatuna, subiri tuangue nazi mwezi ujao. Pepo akakasirika. Wakajadiliana kama watu wanaopatana bei ya samaki ufukweni, mpaka wakakubaliana kaniki sasa na mbuzi baada ya nazi. Ndipo akashuka. Bibi akaamka, akaomba maji, akauliza kwa nini nimekaa macho hadi saa ile.

Masheikh walimkemea miaka yote. Damu ni haramu, imetajwa katika Suratul Baqara na tena katika Al-Maida, hakuna ubishi. Bibi hakubisha. Alikuwa akiswali vipindi vitano, na akiulizwa alijibu, "Mimi sijanywa. Amekunywa yeye." Mimi mtu wa maabara sina la kuamua baina yao, ninalo neno dogo tu: damu mbichi ya mnyama inaweza kumpa mnywaji brusela au homa ya bonde la ufa, pepo awepo asiwepo.

Basi nikafika. Nyumba ilikuwa ileile, makuti mapya. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena. Ndani nikasikia mtu akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, hakuharakisha, akaimaliza.

"Wewe nani?"

Niliijua ile sauti, na haikuwa sauti ya mwanamke mwenye hofu. Bibi alikuwa anauliza kwa sauti ya fundi.

"Mimi, bibi. Mume wako." Ndivyo alivyokuwa akiniita, kama bibi wote wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

"Mume wangu tumemsomea hitma. Umetoka wapi?"

"Bara."

"Umekuja na nani?"

"Na watu wa serikali."

"Unataka nini?"

Hapo ningeweza kusema uongo. Ningeweza kusema nataka maji, nataka kulala, nataka kukuona. Yote yalikuwa kweli kiasi. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye ngoma zile utotoni, najua anayeulizwa swali hilo hujibu lililomleta.

"Nataka damu," nikasema.

Mlango haukufunguka. Nilisikia kuku akijigeuza kwenye tenga. Kisha bibi, kwa utulivu uleule:

"Kiasi gani?"

"Matone mawili matatu. Kidoleni."

"Ya kufanyia nini?"

Nikamweleza pale gizani, mdomo karibu na ufa wa mlango: minyoo, mbu, matende ya jirani yake, busha la mjomba, kwa nini usiku na si mchana. Alinikatiza mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza nani alisema hao minyoo wanatoka usiku. Mara ya pili aliuliza tukishachukua tutawapa watu nini. Nikasema dawa, vidonge, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitano au zaidi, bila malipo.

"Rudi nyuma hatua tatu," akasema. "Weka tochi chini."

Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja. Akatoa koroboi, akaishusha kwenye miguu yangu. Alikuwa anatafuta kwato, maana jini hubadili kila kitu isipokuwa mguu. Akaridhika na vidole vyangu vitano vya kulia na vitano vya kushoto. Halafu akainua taa mpaka usoni.

"Toa ulimi."

Nikautoa. Bibi akaukagua kama daktari, akanishika kidevu akanigeuza huku na huku. Kisha akatoka barazani na kanga yake moja, akapaza sauti nyumba zote zisikie:

"Ni yeye! Ulimi anao!"

Sijui kama nilicheka au nililia. Yeye hakufanya hata kimoja. Aliketi kwenye mkeka, akanyoosha mkono wa kushoto, akasema mumiani akitaka kunyonya kijiji hiki aanzie kwake. Nikamtoboa. Mikono yangu ilitetemeka kuliko siku ya mtihani nilioufeli. Akafuatia mjomba na busha lake, halafu mama mdogo, halafu binamu mmoja mmoja, wale waliokimbia, wakinitazama ulimi kila nilipozungumza. Kufikia saa saba tulikuwa na vioo 19.

Miaka mingi baadaye nilisoma kisa cha Marekani nikakikumbuka kile kibaraza. Katika kijiji cha Exeter, jimbo la Rhode Island, familia ya mkulima George Brown ilikuwa inaisha kwa kifua kikuu. Mama alikufa, dada mkubwa akafa, na Januari 1892 akafa Mercy, msichana wa miaka 19. Kaka yao Edwin naye alikuwa kitandani. Majirani wakasema kuna maiti moja inayotoka usiku kumnyonya Edwin, wakambana baba mpaka akaruhusu makaburi yafukuliwe. Mama na dada walikuwa mifupa. Mercy alikuwa mzima mzima na damu moyoni, kwa sababu alikufa wakati wa baridi kali na mwili wake ulihifadhiwa katika chumba cha mawe juu ya ardhi, kama samaki kwenye barafu. Wakautoa moyo wake wakauchoma, majivu wakayachanganya na kinywaji, wakamnywesha kaka yake. Edwin hakumaliza miezi miwili. Robert Koch alikuwa ameshatangaza kijidudu cha kifua kikuu miaka 10 kabla, mwaka 1882.

Wanaoitwa vampaya huko Ulaya nao walianza hivi. Maiti huvimba kwa gesi, majimaji mekundu humtoka mdomoni, ngozi hunywea kucha zikaonekana zimerefuka. Aliyefukua kaburi akiyaona hayo anaamini mpendwa wake amekunywa. Nchi za ukoo wa Habsburg zilikuwa na visa vingi hivyo, hata malkia Maria Theresa akamwagiza daktari wake Gerard van Swieten achunguze mwaka 1755, kisha akapiga marufuku kufukua wafu. (Watalii wanaokuja kuwaona popo wakubwa wa kisiwa cha Chole, hapa Mafia, nao huuliza kama wanakunywa damu. Wanakula maembe. Popo wa damu wako Amerika tu.)

Kinachoniuma katika kisa cha Exeter ni kwamba Mercy hakuulizwa neno. Utasema maiti haiulizwi. Mimi niliulizwa, na nilikuwa maiti.

Lakini nisijitape kwa upole wa kwetu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na kuchomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Udongo, si damu. Uvumi wa wanyonya damu ulikuwa umetangulia gari lao, na mayowe yakatangulia maswali. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi kwa tuhuma hizohizo, hadi Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Nimejiuliza mara nyingi ningekuwa wapi kama usiku ule ningebisha mlango wa mtu mwingine. Wale watatu hawakuwa na bibi Chamwino. Mnywa damu wa nyumbani tunamtandikia mkeka na kumwuliza anataka mbuzi wa rangi gani. Anayetuhumiwa akiwa mgeni, tunatafuta mapanga.

Vile vioo nilivisoma mwenyewe Kilindoni baada ya kuvipaka rangi. Minyoo ilionekana kama nyuzi fupi za zambarau zilizojikunja. Kioo cha bibi kilikuwa na minne. Nilirudi kijijini kumwambia, safari hii mchana, kwa baiskeli, nimemtangulizia mtoto na salamu.

Alisikiliza, akatazama kidole chake.

"Kumbe wamo humu wananinywa," akasema, "na hao sijawauliza hata jina."

Akameza vidonge mwaka ule na kila mwaka uliofuata, na alikuwa akiwasimamia majirani wameze mbele yake. Ngoma yake aliendelea nayo mpaka alipofariki. Kiti chake hakijapata mrithi, ingawa binamu yangu mmoja huota ndoto ambazo wazee wanazizungumza kwa kunong'ona.

Siku hizi kuna kipimo cha matende cha kikaratasi. Hakimtafuti mnyoo mwenyewe, kinatafuta alama anayoiacha katika damu, nayo haifichiki mchana. Tone moja kidoleni, saa yoyote, jibu ndani ya dakika 10. Wahudumu wanakaa chini ya mwembe jua likiwa juu, watoto wamewazunguka, na hakuna anayelazimika kubisha mlango wa mtu saa tano ya usiku.